Amri Sitini na Moja na Kadi ya Baba Mkwe

Mpendwa Bi Kudra,

Nakuandikia kwa siri na naomba usicheke kabla ya kufika mwisho, maana shida yangu si ya mapenzi wala ya mawifi kama za wengine wanaokuandikia, ni shida ya kompyuta, na ninajua ukurasa wako husomwa zaidi na watu ambao ndoa zao zimeyumba, lakini sina mwingine wa kumwambia, kwa kuwa kila ninayemfahamu hapa Kasulu ama hajawahi kuiona kompyuta ama tunafanya kazi ofisi moja, na huyo wa pili nikimwambia nimekwisha.

Naitwa Lukmani, nina miaka ishirini na saba, ni fundi wa kompyuta katika shirika linalowatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotezana njiani. Tuna ofisi mbili, Kasulu na Kibondo, na kila ofisi ina kompyuta yenye kadi za watu wa upande wake, na kwa kuwa simu za huku unazijua mwenyewe, habari tunatumiana kwa redio, ambayo inabeba mafaili ya kompyuta mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na mvua ikishika vilima pengine haibebi kitu. Mwaka huu wa 1999 mkuu wetu, Mzee Tharsisi, aliamua kompyuta hizi mbili ziulizane zenyewe badala ya makarani kusomeana majina hewani, akasema namna ya kuulizana tuitunge mimi na dada Winifrida, mzaliwa wa Busunzu, ambaye ni fundi mwenzangu wa Kibondo, halafu mtindo utakaofaulu ndio utakaofuatwa na ofisi nyingine zote zitakazofunguliwa.

Mimi nilichukua njia ambayo vitabu vinaiita RPC, yaani unaiita kazi iliyo kwenye kompyuta ya mbali kwa jina lake kana kwamba iko mezani kwako, kwa hiyo nikatunga amri, SajiliMtu, TafutaMtu, HamishaFamilia, UnganishaNdugu, kila kazi na amri yake, na kila amri unaipa maelezo yake kwa mpangilio niliouweka mimi, na zilipofika sitini na moja nikazichapa, nikazibana kwa pini, nikazigawa kwa makarani kama mtu anayegawa kadi za harusi. Winifrida yeye alikuja na karatasi moja. Alisema kila kitu kiwe na anwani yake ya kudumu, kila mtu, kila familia, kila kibanda, kama kurasa za intaneti zilivyo na anwani, halafu vitenzi viwe vinne tu kwa vitu vyote, soma, weka, ongeza, futa, na kila kadi iwe na viungo vinavyokuonyesha anwani za kadi zinazohusiana nayo, ili mtu aanzie anapopajua na kadi yenyewe imwambie aelekee wapi. Nilimuuliza mtindo huo unaitwaje, akasema hajui kama umeshapata jina, nami nikacheka mbele ya watu, Bi Kudra, nikasema kitu kisicho na jina hakiwezi kuwa mtindo.

Sikatai kwamba amri zangu zilikuwa na matatizo madogo. Mara mbili SajiliMtu ilikatikia hewani, Kibondo wasijue kama imefika au haijafika, wakaituma tena, na mtu mmoja akawa wawili, wakati kwa mtindo wa Winifrida unasema weka kadi hii kwenye anwani hii, na hata ukituma mara tatu kadi inabaki moja. Na siku nilipogeuza mpangilio wa amri ya kumi na saba huku Kasulu, Kibondo walikaa siku mbili wakiandikisha vilima walikotoka watu kwenye nafasi ya majina. Lakini njia yake nayo ni ya pole pole, kadi hii inakupeleka kwenye kadi ile, na kila hatua ya kuja Kasulu inasubiri redio, ambapo mimi amri moja inamaliza shughuli yote kwa safari moja, na hilo nililisema kila kikao na nitalisema tena.

Sasa sikiliza lililonileta kwako. Wiki tatu zilizopita nilikwenda Kibondo kwa majaribio, na Mzee Tharsisi akaagiza tusitumie majina ya kubuni, aje mtu wa kweli, wakamleta mama mmoja anaitwa Vestina, aliyevukia mpakani Mabamba na mumewe mwaka tisini na tatu, mume akafia kambini, na sasa anamtafuta baba wa mume huyo. Nikafungua TafutaMtu. Amri hiyo niliiwekea sharti kwamba mwombaji alitaje jina kwa kinywa chake, ili tusidanganywe.

"Mama, taja jina la unayemtafuta."

"Ni databukwe, baba wa mume wangu."

"Jina lake, mama."

"Ndiye aliyemzaa mume wangu. Mkewe wanamwita mama wa Nduwayezu."

"Kompyuta haiwezi kuandika hivyo. Inataka jina."

"Oya, hapana, mwanangu. Mimi siyo wa kulitaja."

Nikamuuliza mara ya tatu, kwa sauti, na chumba kilikuwa kimejaa, nikamwambia bila jina hakuna mtu. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaaga kwa adabu kuliko nilivyostahili, akatoka. Bi Kudra, mama yangu ni Muha wa Nyakitonto, ameolewa katika familia ya wenye maduka kwa miaka thelathini, na hadi leo yeye humwita babu yangu mzaa baba mwenye nyumba kwa kuwa mkwe hatamki jina la baba mkwe, na mimi nimekua nikisikia hivyo kila siku, lakini nilipokuwa naandika TafutaMtu halikunijia hata kidogo.

Winifrida alimfuata nje, wakakaa kwenye benchi, kisha akarudi akafungua kadi ya mama Vestina mwenyewe, ambayo hakuhitaji kumuuliza mtu jina lolote kwa sababu namba iko kwenye karatasi yake ya kambi, kadi hiyo ikampeleka kwenye kadi ya marehemu mumewe, na kwenye kadi ya mume palikuwa na kiungo cha baba, maana huyo mume kabla ya kufa alishaandikisha kwamba anamtafuta mzee wake, na kadi ikafunguliwa kwa ajili ya huyo mzee kwenye kompyuta ya Kasulu, kwa kuwa alisikia ameelekea huko, ikiwa tupu, imeandikwa anatafutwa. Winifrida akatuma ombi la neno moja na anwani moja. Soma.

Nilirudi Kasulu. Asubuhi ya kesho yake ombi likaingia na redio ya saa nne, kompyuta ikalijibu yenyewe, jibu likakaa kwenye trei ya kutoka likinisubiri mimi nibonyeze, na mimi nikalifungua nikalisoma. Kadi haikuwa tupu. Mzee yule, [jina lake nimelifuta, Bi K.], alifika upande wetu Machi na kuandikishwa, karani akaijaza kadi ileile, kisha akaendelea na mwingine kwenye foleni, na tangu Machi hakuna aliyeuliza. Yuko hai. Yuko kwenye kambi ambayo natoka ofisini hadi hapo kwa baiskeli.

Sikubonyeza. Nililihamishia jibu kwenye faili la pembeni, nikamwambia Winifrida hewa ni mbaya, na nilijiambia nahitaji siku mbili tu za kutunga amri ya sitini na mbili, TafutaBabaMkwe, ili jibu hilohilo litoke kwa njia yangu na Mzee Tharsisi alione. Halafu nikakumbuka mama mkwe, nikatunga ya sitini na tatu, halafu mkwe wa kiume, halafu mjane aliyerithiwa, na sasa ziko sabini na nne na bado kuna wakwe. Siku kumi na tisa zimepita. Jumapili nilikwenda kambini, nikamkuta mzee anasuka kikapu, nikamuuliza kama ana watu Kibondo, akasema ana mwana ila hajui aliko, akauliza nani kanituma. Nikasema napita tu.

Ijumaa Mzee Tharsisi anachagua. Nikitoa jibu nimeshindwa, tena wataona tarehe lilipoingia. Nikilificha hadi Ijumaa ipite naweza kushinda halafu nikalitoa taratibu. Nifanyeje? Na naomba unishauri pia kwa haki, kati ya njia hizi mbili ipi ni bora, maana huko ndiko moyo wangu unakoumia zaidi.

Ni mimi,
Fundi, Kasulu


BI KUDRA ANAJIBU

Lukmani mwanangu,

Uliomba nisicheke na nimejitahidi. Nilishindwa kwenye amri ya sabini na nne. Majina yote nimeyabadilisha, pamoja na lako, ingawa sijui itakusaidia nini, kwa kuwa mafundi wa kompyuta Kasulu nimeuliza na nimeambiwa ni wewe.

Unasema moyo wako unaumia zaidi kwenye swali la njia ipi ni bora. Rudia kuisoma sentensi hiyo ukiwa umekaa. Mzee anasuka kikapu, mama yuko Kibondo na kitenge chake, na wewe unaumwa na mtindo. Nimekuwa nikijibu barua hapa kwa miaka sita. Wameniandikia waume waliozificha barua za wake zao, na mama mmoja aliyeificha suruali ya mkwewe siku ya harusi, lakini mtu aliyemficha baba mkwe mzima kwenye faili la pembeni ni wewe wa kwanza. Uliona aibu, najua, ndiyo maana ulipanda baiskeli Jumapili. Mtu asiye na aibu angelala. Lakini kwenda kumwangalia mtu uliyemfungia njia, ukamwambia unapita tu, hiyo ni mbaya kuliko kutokwenda, na sitakupaka mafuta juu ya hilo.

Sasa nikujibu la kompyuta, usije ukasema Bi Kudra anajua mawifi tu. Kabla ya ukurasa huu nilikaa miaka kumi na tisa kwenye swichibodi ya simu. Kazi zangu zilikuwa nne: kuunganisha, kukata, kusubirisha na kumjulisha mtu kwamba anaitwa. Kwa hizo nne niliunganisha misiba, posa, bei za maharage na watu waliogombana wakitaka kupatana bila majirani kujua. Posta haikuniletea kazi ya tano eti kwa sababu anayepiga simu ni mkwe. Nilichohitaji ni namba sahihi. Namba ikiwa sahihi, mpigaji hakulazimika kunieleza yeye ni nani wa nani, na nikimkosa nilipiga tena, na kupiga tena hakukuwaongezea watu mtoto wa pili kama hiyo SajiliMtu yako.

Dada huyo wa Busunzu alikiona hicho. Watu wana mambo mengi kuliko amri zote utakazotunga, kwa hiyo yeye aliacha kuhesabu mambo, akavipa vitu anwani. Tazama hata hiyo kadi ya mzee. Ilifunguliwa ikiwa tupu, mwenye kuomba akafariki, mtafutwaji akafika, kadi ikajaa, na muda wote huo anwani ilikuwa ileile, inamngoja yeyote atakayesema soma. Mama wa watu alipita njia yote hiyo hadi kwa mkwewe bila kulitamka jina ambalo ulimi wake umekatazwa. Wewe ulijenga mlango mmoja, ukaandika juu yake neno ambalo yeye peke yake katika chumba kile hakuruhusiwa kulisema, halafu ukamkaripia kwa kutoingia. Na mama yako ni wa Nyakitonto. Nenda nyumbani leo ukamsikilize anavyozungumza, utajifunza mengi kuliko kwenye hivyo vitabu.

Lakini sikwambii uzichome amri zako. Unachosema kuhusu pole pole ni kweli, na nimeona Winifrida hakulijibu hilo. Redio mara mbili kwa siku si jambo la kupuuza. Kaeni pamoja mkubaliane kwamba ukisoma kadi ya mtu, kadi za wazazi wake na watoto wake zije nayo kwa safari hiyohiyo, na Kibondo watunze nakala za walichokwisha kusoma, wasiulize Kasulu kila asubuhi kitu ambacho hakijabadilika. Na zipo kazi ambazo kweli ni kazi, si kitu cha kukipa anwani. Kupanga gari lipite kambi zipi kwa siku moja, hiyo iite kwa amri, na iwe ndani ya ofisi yako, ambako anayeuliza na anayejibu wote ni wewe, ukigeuza mpangilio unajigeuzia mwenyewe. Kwa ofisi ambazo bado hazijafunguliwa, na makarani ambao hujawahi kuwaona, wape vitenzi vinne na anwani. Wataelewa kwa siku moja. Hizo sabini na nne zako hata wewe mwenyewe huzikumbuki, usinidanganye.

Kuhusu jina la mtindo, acha kuwacheka watu. Hata wewe hukuzaliwa na jina, ulipewa siku kadhaa baadaye.

Haya, tufike penyewe. Barua yako niliipata Jumatatu. Ukurasa huu unafika Kasulu Jumatatu ijayo, na mimi si mtu wa kumngojesha mzee wiki nzima ili wasomaji wapate burudani. Jumanne saa moja asubuhi nilipiga simu Kibondo, nikapitishwa Tabora, nikasubiri saa mbili na nusu, nikampata Winifrida. Sikumtaja mtu. Nilimwambia aliombe tena lile alilowahi kuliomba Kasulu.

"Kwa nini, Bi?" akauliza.

"Kuomba mara ya pili kunaharibu kitu?"

"Hapana. Kusoma hakuharibu, hata ukisoma mara mia."

"Basi soma tena mwanangu. Leo hiihii, kwa redio ya saa nne."

Nilijiwekea sharti. Jibu lisipokwenda na redio ya saa tisa, saa kumi ningempigia tena na kumsomea kadi mimi mwenyewe kutoka kwenye barua yako. Saa kumi kasorobo simu yangu ikalia. Alikuwa Winifrida, analia na kucheka kwa pamoja, anasema Kasulu wamejibu. Kwa hiyo ombi la pili lilipoingia ulibonyeza, na ulibonyeza ukiwa peke yako chumbani, hujui kama kuna anayekuangalia. Kwa hilo nakupa heko. Nilifurahi sana, Lukmani, nikamwita jirani yangu Immakulata nikamwambia kuna kijana mmoja huko Kasulu bado hajaharibika, akaniuliza kafanya nini, nikasema kafanya leo kilichompasa kufanya kama wiki tatu zilizopita.

Kubonyeza peke yake hakutoshi. Nakala hii nimempa kondakta wa basi la Jumatano aikabidhi mikononi mwako, kwa hiyo ukiisoma ni Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo, kabla ya kikao, mwone Mzee Tharsisi. Mwambie tarehe jibu lilipoingia na tarehe lilipotoka, na ni nani alilikalia. Usianze na hali ya hewa. Atakufokea, pengine atakuandikia barua ya onyo, utaipokea kwa mikono miwili. Akisikia kutoka kwako atakufokea kama fundi wake. Akisoma hapa Jumatatu, siwezi kukuahidi kitu. Kisha mpigie Winifrida, umwambie kwamba hewa ilikuwa nzuri. Atakuwa amekwisha kujua, maana tarehe ziko kwenye faili, lakini asikie kwako. Ijumaa simama mbele ya kikao uisome karatasi yake ya ukurasa mmoja kwa sauti yako wewe, halafu uongeze hayo ya nakala na kadi zinazokuja pamoja, ambayo yatakuwa mchango wako, na ni mchango mzuri.

Na mzee hajui kwamba mwanawe alifariki. Hilo halimo kwenye kazi ya redio, wala halikuhusu wewe. Atalisema mwenye kuhusika.

Winifrida amemshughulikia mama Vestina kibali, na mama huyo anakuja na gari la shirika lenu Jumamosi. Litafika hapo kituoni kwenu kama saa saba. Uwepo, umevaa vizuri, na mwavuli. Atakukumbuka, nawe utamwomba radhi kwa maneno machache, kisha umchukulie mzigo. Usimuulize anamtafuta nani. Mpeleke tu.